Majivu kwa Kabichi za Bomani

Jamani, kama kuna mtu aliyejua kufundisha kubana matumizi, ni Bwana Bashiru. Alikuwa akida, mtu wa pwani, Wajerumani walimleta Songea vita vya Maji Maji vilipokwisha. Wakati huo waume zetu walikuwa wameshanyongwa au wamefia porini, na askari wameshachoma mashamba na kukomba kila ghala. Una njaa ya namna hiyo, unaitwa bomani. Unadhani unaenda kupewa chakula. Thubutu! Unaenda kupewa somo.

"Akina mama," alisema, kitambi kimetangulia, "njaa hii imeletwa na uzembe wa jikoni. Bwana Mkubwa ameona mnavyotapanya."

Bwana Mkubwa ndiye Mjerumani mwenye boma. Tukatazamana. Tutapanye nini? Tulikuwa tunakula ming'oko, mizizi ya kuchimba porini, nayo tulikuwa tunaigombania na nguruwe.

Akatuambia tutafune taratibu, tutashiba upesi. Maji tuliyochemshia mboga tusimwage. Makombo ya jana tuyapashe asubuhi. Na kila siku, kabla ya kusonga ugali, tuchote kiganja cha unga tukiweke kando. Mama mmoja akauliza, kwa adabu zote, unga wenyewe utoke wapi. Akaambiwa asiharibu somo.

Kisha akatuonyesha kwa vitendo. Maharage ukiyaloweka tangu jana, alisema, yanaiva kwa kuni chache. Kweli yaliiva. Yalikuwa maharage yangu, yale ya mistari myekundu niliyotoka nayo kwetu nilipoolewa. Walikuwa wameyachukua ghalani kwangu. Sisi tukameza mate. Yeye na askari wakayala yote, yasije yakaharibika.

Mama mkwe wangu hakuhudhuria masomo yale, alisingizia magoti. Alikuwa na ubanaji wake mwenyewe. Askari walipokuja kuzoa ghala letu, alikuwa ameshachanganya mbegu ya ulezi na majivu kwenye chungu kibovu, amekiweka kando ya mafiga. Askari wanapekua mpaka kitanda cha mgonjwa, lakini nani ajisumbue na majivu? Ulezi mwingine hatukuwa nao. Binti yangu Honorata alikuwa analia njaa pembeni ya chungu kile kile, na siku moja nikashindwa, nikatia mkono. Mama mkwe akanidaka kiwiko.

"Tukiula leo, mwakani tunamzika," alisema.

Nilimchukia, nasema ukweli. Nikautoa mkono mtupu.

Basi Bwana Bashiru akaja na somo jipya: majivu ni mbolea, tena yanafukuza wadudu, na sisi tumeyaacha yakae bure majumbani huku kabichi za Bwana Mkubwa zinaliwa na viwavi! Askari wakapita nyumba kwa nyumba. Kwetu alikuja mwenyewe, akakiona chungu kimejaa pomoni.

"Huyu ndiye mama wa nyumbani!" akapaza sauti. "Anaweka akiba hata ya majivu!"

"Bwana Akida, hayo ni dawa ya mtoto," nikasema. "Nakusihi, niachie."

"Sasa yatakuwa dawa ya kabichi."

Askari wakacheka, wakabeba. Niliwafuata mpaka bomani nikiomba. Nikaona chungu kinamiminwa kwenye matuta yaliyonyooshwa kwa kamba, kisha majivu yanafukiwa kwa jembe. Niliporudi na habari hiyo, mama mkwe aligeukia ukutani, akakataa hata ming'oko. Mimi nikawa nawalaani Wajerumani moyoni. Risasi mmetupiga, kamba za shingoni mmetufunga, sasa mpaka majivu yetu mnachukua?

Mvua zikaanza. Hazikupita siku nyingi tukaitwa tena, na safari hii mama mkwe alikokotwa pamoja na magoti yake. Bwana Mkubwa alikuwa amesimama mikono kiunoni, uso umemwiva. Kati ya kabichi zake kulikuwa kumeota majani membamba, yamebanana kama nywele. Bwana Bashiru jasho linamtiririka.

"Majivu yenu machafu!" akatufokea. "Mmeleta magugu bomani!"

Nikachungulia, nusura nipige kigelegele. Ulezi! Mche wa ulezi ukiwa mchanga, mtu aliyekulia wali anaona nyasi tu. Nikainamisha kichwa haraka, asiione furaha usoni kwangu.

"Fyekeni yote," akasema, "mchome moto."

Hapo mama mkwe akasogea mbele. Akaongea kwa sauti ya unyenyekevu ambayo mimi, mkwe wake, sijapata kuisikia.

"Bwana Akida, magugu haya ni makaidi. Ukiyafyeka yanarudi. Sharti yatoke na mizizi yake na udongo wake, yakatupwe ng'ambo ya mto."

"Nilikuwa nafika hapo hapo!" akadakia Bwana Bashiru, akatugeukia. "Sikilizeni kwa makini! Magugu hayafyekwi. Yanatolewa na mizizi na udongo wake!"

Tukapiga magoti. Kila mwanamke pale aliujua ulezi, na hakuna aliyefungua mdomo. Tulichomoa mche mmoja mmoja, kama mtu anayemwogesha kichanga. Bwana Bashiru alizunguka na kiboko, akiapa kumchapa atakayekata hata mzizi. Ungoni nzima hakujatokea shamba la ulezi lililosimamiwa vile. Mwishoni akatutolea na askari, wakatusaidia kuvusha matenga ng'ambo ya mto Ruhila. Walipogeuka tu kurudi, tukagawana, tukaenda kupanda nyuma ya vilima vya Matogoro, mvua ikitunyeshea, mama mkwe mbele yetu bila goti hata moja linalouma.

Ulikomaa. Mama mkwe alitenga mbegu kwanza, kisha akasaga, akasonga ugali, mweusi, unanukia nyumba nzima. Akamwekea Honorata peke yake. Mtoto akala kidogo, akafika nusu, akaacha. Akaufunika kwa jani, akausogeza ukutani.

"Huu wa kesho," alisema.

Mama mkwe, ambaye hakulia mwanawe aliponyongwa, alilia siku hiyo.

"Kula, mjukuu wangu. Umalize. Kesho nitapika mwingine."

Honorata akamtazama yeye, akanitazama mimi. Hakuamini. Ikabidi tukae naye, watu wazima wawili, tukimbembeleza mtoto mwenye njaa ale chakula chake.