Goti la Fundi

Tangu waoane, Fundi na Mama Pacha hawakuwahi kusafiri ila kwa sababu mbili: ama kuna msiba, ama kuna harusi. Miji waliyoiona ilikuwa mingi, lakini yote waliionea dirishani mwa basi na uani kwa watu, mume akisaidia kufunga turubai, mke akimenya vitunguu. Basi watoto wao pacha, wa kike na wa kiume, walipopata kazi, walimwuliza mama yao anataka zawadi gani. Mama Pacha alikuwa kwenye cherehani, anapinda pazia la mteja. Hakuinua hata uso.

"Nataka kwenda mahali ambapo simjui mtu," alisema. "Asife mtu, asiolewe mtu. Niamke asubuhi niwe mgeni tu."

Pacha walicheka, lakini neno lile hawakuliacha lipotee. Wakatafuta nchi ya mbali, yenye joto na mvua kama kwao, ambako watu hutembea na mabegi mgongoni kutoka mji hadi mji, wakilala panapowakuta. Mabegi yalipofika nyumbani, makubwa kama magodoro ya watoto, Mama Pacha alilizunguka la kwake mara mbili.

"Niliolewa na fundi," alisema, "leo nimegeuzwa punda."

Fundi mwenyewe alikuwa fundi wa kuezeka. Nusu ya mapaa ya mtaa wao yalipita mikononi mwake. Lakini miaka miwili hii alikuwa hapandi tena. Alisimama chini, penseli sikioni, akiwaelekeza vijana wake walioko juu. Goti, alisema. Goti limechoka. Na kila jioni mkewe alimkanda goti hilo kwa mafuta ya karafuu, na mafuta hayo ndiyo yaliyokuwa kitu cha kwanza kuingia begini.

Nchi ile iliwachanganya kwa namna ya kuchekesha. Miti ilikuwa ile ile, migomba na mipapai, lakini ndege juu yake walilia kwa sauti ngeni. Lugha hawakuijua hata salamu. Mama Pacha aliagiza mayai kwa kukunja mikono kama mbawa na kutetea kama kuku, na mwenye mgahawa akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akawaletea kuku mzima. Wakamla.

Kila chumba walicholala, kila mmoja alikikagua kwa jicho la kazi yake. Mama Pacha alishika pazia, akaligeuza, akatazama mshono. "Aliyeshona hili alikuwa na haraka zake." Fundi akiwa amelala chali anatazama dari: "Pale pembeni panavuja. Wamepaka rangi kuficha." Halafu wanazima taa, wanaanza kucheka gizani bila sababu, kama watu waliooana juzi.

Na kweli kuna mambo waliyokuwa hawayajui. Fundi aligundua kwamba mkewe hula polepole sana. Nyumbani hakuwahi kuliona hilo, maana nyumbani alikula amesimama, mwiko mkononi, akihudumia wengine. Sasa alikaa, akauchambua wali punje kwa punje, akatazama barabara, akarudi tena kwenye sahani. Fundi alikuwa anamaliza zamani, kisha anajifanya bado anakula ili asimharakishe.

Siku waliyofika mtoni jua lilikuwa kali baada ya mvua ya asubuhi. Ng'ambo ya mto kulikuwa na maporomoko ya maji ambayo binti yao alisema wakirudi bila kuyaona hatawafungulia mlango. Kufika huko kulikuwa na daraja la kuning'inia: nyaya nne za chuma, mbili za kushika na mbili za kubeba mbao za kukanyaga. Mbao nyingine zilikuwa zimelegea. Chini yake, mbali, maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanakimbia.

Mama Pacha alitangulia, akiimba puani kama kawaida yake. Alipokaribia ng'ambo alisikia kimya nyuma yake. Akageuka. Mumewe alikuwa katikati ya daraja, ameketi juu ya mbao, begi mgongoni, mikono imeng'ang'ania waya.

"Baba Pacha, acha utani!" alimwita. "Watu wanasubiri."

Ilikuwa kweli. Nyuma ya Fundi alisimama mwanamke aliyebeba bata wawili katika kikapu, na ng'ambo mwanamume mwenye baiskeli begani alikuwa anangoja zamu yake. Fundi hakusogea. Ndipo Mama Pacha alipoviona vile vidole, jinsi vilivyokakamaa, na jasho lilivyomchirizika puani bila yeye kulifuta.

Alitua begi lake ukingoni, akarudi. Kila hatua yake ilitikisa daraja, na kila lilipotikisika alimwona mumewe anafumba macho, kwa hiyo alijikokota kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Alipomfikia alichutama mbele yake.

"Mume wangu."

"Siwezi."

"Goti?"

Maji yalivuma chini yao. "Si goti," alisema.

"Najua." Akamshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili. "Haya, simama. Usitazame chini, nitazame mimi. Najua nimezeeka, lakini nitazame hivyo hivyo."

Fundi akasimama. Mama Pacha akaanza kurudi kinyumenyume, hatua moja, akingoja, hatua nyingine.

"Pazia la chumba cha jana lilikuwa rangi gani?" aliuliza.

"Sijui."

"Umelala humo, hujui?"

"Nilikuwa natazama dari."

"Dari ilikuwaje?"

"Mbovu, imetoboka, bati linaonekana." Hatua. "Wamepishanisha bati kidogo mno. Upepo ukija na mvua, maji yanapanda juu ya ukingo wa bati, yanaingia." Hatua. "Halafu misumari wamepigilia bondeni. Msumari unapigiliwa mgongoni mwa bati, si bondeni."

"Kwa nini?"

"Bondeni ndiko maji yanakopita, mke wangu!" alisema, karibu kwa hasira, na akapiga hatua mbili bila kujijua.

Yule mwanamke wa bata alikuwa amewafuata. Aliweka kiganja kwenye begi la Fundi, akawa anamsukuma kidogokidogo huku akinong'ona maneno ya upole. Haikujulikana kama alikuwa anambembeleza yeye au bata. Hivyo ndivyo walivyofika, watu watatu na bata wawili, Fundi akieleza namna ya kufunga kofia ya paa, lile bati la juu kabisa, mpaka mguu wake ulipogusa udongo akanyamaza ghafla, akakaa palepale.

Mwanamke wa bata alimgusa shavu, akasema neno moja, akashika njia yake. Mwenye baiskeli aliinamisha kichwa kwa heshima, akapita. Wakabaki wawili.

Mama Pacha alimpa maji ya kunywa. Alikunywa, mengine yakamwagikia kifuani.

"Nilianguka," alisema mwishowe. "Mwaka juzi, lile ghala la shule. Nikaangukia mchanga, sikuumia hata ukucha. Vijana wakacheka, na mimi nikacheka, nikapanda tena kumalizia. Kesho yake naweka mguu kwenye ngazi, mguu umekataa. Nimeuambia panda, umekataa."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini? Fundi wa kuezeka anaogopa kupanda. Ni kama dereva anayeogopa barabara."

"Ungesema umeanguka. Basi."

Fundi akajifuta uso kwa mkono wa shati. Akamtazama kama aliyekumbuka jambo. "Wewe ulijuaje kwamba si goti?"

"Goti lenyewe linauma likiona ngazi tu! Harusi ya mpwa wangu ulicheza mpaka ukavua koti, ukawa wa mwisho kukaa."

Fundi akamgeukia. "Sasa kama ulijua, mbona ulikuwa unanikanda? Miaka miwili, kila siku?"

Mama Pacha alikuwa anafunga kifuniko cha chupa. Alikifunga, akakilegeza, akakifunga tena.

"Ulikuwa unaumwa mahali," alisema. "Sikujua wapi. Nikashika pale uliponionyesha."

Fundi akainamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mkewe hakumwambia nyamaza, wala hakumwambia yamekwisha. Alisogea tu, akaliondoa lile begi mgongoni mwake ambalo alikuwa bado amelivaa, akakaa naye bega kwa bega mpaka alipotulia.

Maporomoko waliyaona kesho yake. Yalikuwa mazuri, yakawalowesha mpaka soksi. Jioni, katika nyumba ya wageni, mwenye nyumba aliwaeleza njia ya kurudi kwa kuchora mezani kwa kidole alichochovya kwenye chai. Mstari mfupi, daraja. Kisha akachora duara kubwa, mlima, akaonyesha vidole vitatu na kupiga miayo, maana yake ni siku tatu na ni balaa tupu.

"Nitavuka," Fundi alisema. "Nitafumba macho, unishike."

"Kwani tunawahi wapi?" Mama Pacha alimwuliza. "Kuna maiti inatusubiri?"

Wakauzunguka mlima. Kipande walitembea, kipande wakapakiwa nyuma ya lori la mananasi, wakaketi juu ya matunda hayo mpaka makalio yakawasha, na mvua ikawakuta bila turubai. Usiku mmoja walipewa darasa la shule walale, wakaunganisha madawati. Walizungumza siku hizo kuliko walivyozungumza mwaka mzima. Mama Pacha alimwambia kwamba watoto walipokuwa wanajiandaa kuhama, alikuwa anaogopa: watakaa wawili mezani na hawatakuwa na la kuambiana. Fundi akafikiri.

"Mimi nilidhani wewe ndiye utakayenichoka," alisema. "Ndiyo maana nikaendelea kuwa na goti. Mgonjwa haachwi."

Mama Pacha alimpiga kofi la begani, zito kweli, na lori lilipoyumba akamshika ili asianguke.

Waliporudi nyumbani, pacha walikuja siku hiyo hiyo. Wakapitia picha zote kwenye simu: kuku aliyeagizwa kwa bahati mbaya, maporomoko, mama yao juu ya mananasi amevaa mfuko wa plastiki kichwani.

"Picha ya daraja iko wapi?" binti aliuliza. "Lile la kuning'inia. Mlivuka?"

"Tulivuka," mama yake alijibu haraka, akainuka kwenda jikoni.

"Niliogopa," Fundi alisema. "Nikakaa chini katikati. Mama yenu akanishika mkanda akanivusha."

Watoto wakaangua kicheko. Mwana akampigia baba yake makofi, akisema mzee ana vituko. Kisha akaona baba yake hacheki, naye akakiacha kicheko.

"Baba, kweli?"

"Kweli. Na juu ya paa sipandi tena, tangu mwaka juzi. Wiki ijayo nitawaambia vijana kwamba si goti, ni woga. Wao wataendelea kupanda, mimi nitakata na kuunga mbao huku chini, kazi ya chini ni kubwa kuliko wanavyodhani."

Jikoni maji yalikuwa yanamiminwa. Binti alihama kutoka kiti chake, akaja akakaa kwenye mkono wa kiti cha baba yake.

"Ulijisikiaje pale katikati?" alimwuliza.

Fundi akaweka simu mezani, akaanza kumweleza.