Harusi ya Jini la Fakitori

Ngari wa Runyenjes ameitwa Jini kwa miaka thelathini, na hakuwa hata kwenye filamu. Aliyecheza jini alikuwa Ndambiri. Ngari alikuwa bwana harusi tu, tena kwenye harusi yake mwenyewe ya kweli, mbele ya mchungaji na mashahidi. Kwamba watu walishindwa kuwatofautisha hao wawili lilikuwa kosa la mtu mmoja, na mtu huyo, Muchangi, anapiga picha za pasipoti karibu na soko la Runyenjes mpaka leo.

Mwaka 1995 Muchangi alikuwa na miaka ishirini na minane, kamera ya kupigia video za harusi, na hamu ya kuwatisha watu. Akatengeneza filamu kwenye fakitori ya kahawa, msimu ulipokwisha, kwa siku tisa. Jini lilichomoka kwenye tangi la kuchachushia buni likiwa limepakwa unga wa ngano, likamfukuza msichana kati ya meza za kuanikia. Damu ilikuwa rangi ya keki iliyokorogwa na glukosi, kwa hiyo nyuki walimwandama Ndambiri siku zote tisa. Watu walimuuliza Muchangi kwa nini jini, ilhali majini ni ya pwani na hakuna mtu Runyenjes aliyewahi kuliona. Kwa sababu hiyo hiyo, akawaambia. Hakuna atakayekuja kusema nimelikosea.

Filamu ilijaza kanda mbili. Ya pili, yenye mwisho, haikuandikwa jina.

Mwezi uliofuata Gatwiri, yule msichana aliyefukuzwa na jini, akaolewa na Ngari. Nani mwingine angepiga video? Mahubiri yakawa marefu, kanda ikaisha kabla ya viapo. Muchangi akatia mkono mfukoni, akatoa kanda tupu, akaendelea kupiga. Haikuwa tupu.

Mwenye duka la kukodisha kanda mjini Embu, ambaye Muchangi alimpelekea zile kanda mbili, hakuwa mtu wa kutazama alichonakili. Aliunganisha deki mbili, akatoa nakala sita, akazipanga rafuni. Muchangi alikuja kujua wiki tatu baadaye, kutoka kwa mama mmoja muuza ndizi aliyemshika mkono sokoni akamsifu. Pale mwisho, yule mama alisema, jini linapomkamata msichana shingoni, halafu mara wako kanisani, limeoga, limevaa suti, linamwoa. Uliwaza nini? Mimi sikulala siku mbili, na mume wangu yuko pale pembeni.

Muchangi alicheka naye. Kisha akaenda nyumbani na hakula. Wakati huo nakala zote sita zilikuwa nje, na daftari la kusubiri lilijaa majina hadi Krismasi. Angesema nini, na angemwambia nani?

Maana alikuwa na mwisho wake, mwisho hasa. Aliupiga alfajiri, moshi wa mabua mabichi ukitambaa juu ya matangi, na hakuna kitu alichowahi kukitengeneza kikamfurahisha kama kile. Aliuona mara moja tu, kwa jicho moja, kupitia kamera. Tangu siku hiyo akawa mtu wa harusi na pasipoti. Hakutaka mengi duniani. Alitaka watu wauone mwisho ule, hata mara moja, kabla waliouigiza hawajazikwa.

Basi Jumatatu moja mwaka huu akaingia Kajuju, binti wa Ngari na Gatwiri. Ndiyo kwanza amehitimu chuo kikuu pale Embu, hana kazi na hana wasiwasi. Akakaa kwenye kile kistuli cha pasipoti na kusema amekuja kwa ajili ya jini.

Alikuwa amepata nakala moja, ameihamishia kwenye kompyuta. Wazazi wake wanatimiza miaka thelathini ya ndoa, na anataka kuionyesha filamu ukumbini Jumamosi, watu wote waje. Kila akiitaja mtandaoni, alisema, watu wazima wenye vitambi wanamwandikia kama watoto. Mmoja wa mtaa wa Majimbo alikumbuka kulala na viatu wiki nzima, awe tayari kukimbia. Mwingine alikumbuka kanda iliyochakaa mahali pamoja tu, kwa kurudishwa nyuma mara nyingi pale pale pa kutisha. Mwingine alikumbuka kugombana na dada yake nani airudishe dukani, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuibeba peke yake.

Muchangi alisikiliza, akifuta lenzi iliyokuwa safi.

"Nitakubali," akasema mwishowe, "tukipiga mwisho upya. Ule wangu. Na watu hao hao."

Kajuju akaruka kutoka kwenye kistuli. Akauliza kama kesho ni mapema sana.

Kesho yake walikuwa fakitori. Ndambiri, ambaye sasa ni mzee wa kanisa na ana sukari, alipakwa unga kuanzia kipara hadi shingo huku akilalamika. Malalamiko hayakuhusu unga.

"Miaka thelathini," alimwambia Ngari, aliyekuja kushika bati la kurudisha mwanga. "Mimi ndiye niliyeumwa na nyuki. Wewe ulivaa suti ukala keki. Leo nikipita sokoni naitwa Ndambiri, na wewe unaitwa Jini."

"Chukua jina lako, mzee wangu. Nilisharudisha mara ngapi? Hata kwenye chama cha kahawa wameliandika kwenye mabano."

"Inua bati, Jini," akasema Gatwiri kutoka chini, alipokuwa amelala akisubiri kukabwa shingo. "Goti langu linauma."

Walicheka hadi moshi ukaisha, ikabidi mabua mengine yatafutwe. Lakini Muchangi hakucheka. Alikuwa amepiga goti moja kwenye tope, jicho likiwa kwenye kamera. Gatwiri aliteleza kutoka mikononi mwa jini, akalisukuma ndani ya tangi, akafunga kifuniko, akakikalia huku jua likichomoza kwenye karatasi ya rangi ya machungwa aliyoishikilia Kajuju. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

Jumamosi alasiri madirisha ya ukumbi yalifunikwa kwa blanketi. Waliokuja walizidi viti. Wengine walitoka Meru, wamewabeba watoto na kuwaahidi ndoto mbaya. Filamu ilipoanza, Muchangi, aliyesimama nyuma kabisa, alishangaa kusikia ukumbi mzima ukisema maneno ya waigizaji kabla hawajayasema. Kamba iliyokuwa ikivuta mlango ujifungue wenyewe ilionekana waziwazi, na ilipigiwa makofi kama mgeni wa heshima. Jini lilipotokea, watu walipiga mayowe, kisha wakajicheka, kisha wakapiga mayowe tena.

Msichana akajikwaa. Jini likamwinamia, likamshika shingo. Ndipo watu wakaanza kuhesabu kwa pamoja: tano, nne, tatu. Muchangi hakuelewa wanahesabu nini. Mbili. Moja.

Mwisho wake ukaja.

Hakuna aliyepiga yowe. Walitazama kwa adabu, moshi, tangi, kifuniko, jua. Jini la miaka sitini lilikohoa mara moja. Neno MWISHO lilipotokea, watu walipiga makofi. Na Muchangi alikuwa amerekodi makofi maisha yake yote; aliweza kutofautisha makofi ya furaha na yale ambayo watu humpigia mjomba aliyemaliza hotuba. Haya yalikuwa ya mjomba.

Mwanamke mmoja aliyempakata mtoto anayelia akasimama.

"Asante, mzee. Imetoka vizuri," akasema. "Sasa tuwekee harusi."

Watu wakageuka kumtafuta. Muchangi akaona heri alimalize jambo hilo siku hiyo hiyo.

"Harusi ilikuwa kosa," akasema. Akawaeleza yote, kanda isiyo na jina, mahubiri marefu, mkono mfukoni. Alieleza huku akitazama viatu vyake.

Ngari akasimama mstari wa mbele. "Kwa hiyo mmesikia wenyewe. Mimi si jini."

"Kaa chini, Jini," mtu akamwambia, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko ambacho kilimfanya hata mtoto yule aache kulia. Lakini mwanamke yule hakukaa.

"Kosa au si kosa," akasema, "mimi niliolewa mwaka jana, na nilipofunuliwa shela nilifumba macho kwanza. Tuwekee."

Muchangi akamtazama Kajuju, aliyekaa kwenye kompyuta, akatikisa kichwa kukubali. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kupata nafasi ya kulifanya. Siku za kanda, watu walimtazamia kazi yake majumbani mwao, milango imefungwa. Yeye aliona makasha tu yakitoka na kurudi. Sasa akapita pembeni hadi mbele, akaegemea ukuta, akazitazama nyuso.

Shela ikainuliwa. Watu wenye vitambi wakajifunika macho na kuchungulia kati ya vidole. Bwana harusi akatabasamu, na kamera ikavutwa mpaka kwenye meno, kwa kuwa wiki ile Muchangi alikuwa amejifunza kuvuta picha karibu na hakuacha kitu chochote kikiwa mbali. Gatwiri wa siku zile alikunja uso. Viatu vilikuwa vikimbana, lakini nani angejua? Kisu cha keki kikameta. "Usile, mama," ukumbi ukamsihi kwa sauti moja. Akala. Gatwiri wa sasa, mstari wa mbele, akasogeza kiti chake kidogo mbali na mumewe.

Hawakuigiza. Muchangi aliona nywele za mikono yao zikisimama. Aliona mtoto akimshika mamake kwa kucha, na mama akimshika jirani asiyemjua. Hiki ndicho alichokitaka akiwa na miaka ishirini na minane, hiki hasa, na kilikuwa kimewapata watu nyumba baada ya nyumba huku yeye akiona aibu studioni.

Akageuka kukitazama mwenyewe kitambaa cha kuonyeshea filamu. Ngari wa siku zile, kisu mkononi, aligeuza shingo polepole na kumtazama moja kwa moja. Muchangi alijua alikuwa akiuliza tu kama kanda bado inazunguka. Alikuwepo. Yeye ndiye aliyejibu ndiyo.

Hata hivyo alipiga yowe, akamtafuta Ndambiri amshike. Ndambiri alikuwa chini ya meza.

"Kajuju," Muchangi akaita, akihema na kucheka kwa pamoja, mkono kifuani. "Rudisha nyuma kidogo."