Mtu Ambaye Haulizwi Jina

"Hivi hizo kompyuta zenu zina nini ndani, mpaka mfundishwe kuzifunga kama zizi?"

Ndivyo Kandida alivyomuuliza jirani yake Ndeshi siku moja huko Maji ya Chai, wakianua nguo kila mtu upande wake wa ua. Ndeshi akacheka, akasema zina majina ya watu tu. Kandida akasema majina ya watu hata kanisani husomwa kwa sauti, na hajasikia aliyeyaiba. Wakaachana hapo. Lakini Ndeshi alipoingia ndani kicheko kilimkauka, maana yeye alijua kilichomo.

Kampuni aliyofanyia kazi ilinunua kahawa ya wakulima wa mlimani, na ofisi yake ilikuwa mjini, Kaloleni. Zamani mkulima alipokea malipo mkononi. Sasa jina lake lilikaa kwenye kompyuta, pembeni yake namba ya simu, na malipo ya msimu yalikwenda kwenye namba hiyo. Mwenye kubadilisha namba alikuwa Ndeshi. Akiweka namba isiyo yake, jasho la mtu la mwaka mzima linaingia kwenye simu ya mwingine, na likishaingia ndio limekwenda.

Jambo hilo lilikuwa limetokea kwenye tawi lao la mkoa mwingine. Ndipo makao makuu yakamtuma Daniel, kijana mpole wa viatu vya kuchongoka, aje kufundisha usalama wa kompyuta. Alibandika ukutani picha ya mwizi aliyejifunika uso kwa soksi. Akawagawia vikombe vilivyoandikwa: Neno la siri haliazimwi, hata kwa shemeji. Yona wa ghalani akauliza kama kwa mama mkwe linaazimwa, watu wakacheka, na Daniel naye akacheka kidogo.

Kisha akaketi kwenye kompyuta yao ya kwanza, akaifungua. Akaenda ya pili, ikafunguka. Akazifungua zote pale pale, na hakuna aliyekuwa amemwambia neno lolote.

Alikuwa ametazama tu kalenda ya dayosisi iliyotundikwa mlangoni. Ofisi ile ilianza kazi kwa sala kila asubuhi, na siku kompyuta zilipoletwa waliziombea kama wanavyoombea nyumba mpya, wakakubaliana zifunguliwe kwa Neno la mwaka lililochapwa kwenye kalenda ile, kitabu na sura. Mwaka ukigeuka, Neno linageuka, nao wanabadilisha wote kwa pamoja. Waliona wamefanya jambo jema, kumbe funguo zilikuwa zinaning'inia mlangoni, kila apitaye anazisoma.

Meneja alimwita Ndeshi peke yake. Akamwambia kwa kuwa namba za wakulima ziko mkononi mwake, hilo lihesabiwe onyo. La pili halitakuwepo, atampa mtu mwingine meza ile. Daniel akaongeza kwamba kabla ya malipo ya msimu atatumwa mtu kuwajaribu. Anaweza kupiga simu, anaweza kuja kwa miguu. Ni nani, hakusema.

Basi Ndeshi akaanza kuishi kama mtu aliyesikia nyoka ameingia kwenye nyasi za paa. Mumewe alikuwa amekwisha kufariki, binti yake Angel yuko sekondari ya bweni, na nyumba yote iliegemea meza ile. Aliyeleta chai ofisini alimtazama mikono. Kaka yake alipompigia kwa namba ngeni, alimuuliza kwanza jina la bibi yao mzaa mama, kaka akakata simu kwa hasira. Jumapili akisali alijikuta anageuka kutazama nani amekaa nyuma, akamwomba Mungu amsamehe, halafu akageuka tena.

Katika siku hizo akaja Mzee Anaeli.

Alikuwa mdogo wake baba mkwe wa Ndeshi, mzee wa kanisa, mkulima wa kahawa, na mtu ambaye huko mlimani haulizwi jina. Hata akisimama kuwa shahidi, mwandishi wa baraza huandika jina lake kwanza kisha ndio anainua kichwa. Mume wa Ndeshi alipofariki, na shemeji wakaanza kupima shamba kwa macho, ni yeye aliyesimama mbele ya ukoo akasema mama huyu atabaki kwenye migomba yake. Hakuna aliyembishia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Ndeshi akampa kiti, akamwagia chai. Wakaulizana habari za watoto, za mvua, za ng'ombe aliyezaa. Mzee alikunywa taratibu, na alipomaliza ndipo akasema shida iliyomteremsha. Simu yake ilitumbukia kwenye mfereji wakati akielekeza maji shambani. Amepata nyingine yenye namba mpya, na malipo yamekaribia. Akaitaja namba, akangoja.

Ndeshi alikuwa amekwisha kulifungua jina lake. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Aliwaza kwamba mzee wa kanisa hawezi kuwa ndiye aliyetumwa, kwa sababu aliyetumwa lazima aseme uongo. Kwa hiyo shida hii ni ya kweli. Na kwa kuwa ni ya kweli, kumkatalia kulizidi kuwa kugumu.

"Baba, naomba kitambulisho."

Mzee alidhani hakusikia vizuri. "Unaomba nini?"

"Kitambulisho, baba. Na barua ya mwenyekiti wa kikundi chenu. Ndio utaratibu."

"Wewe hunijui?"

"Nakujua."

"Mimi ni nani?"

"Ni Mzee Anaeli, mdogo wake baba mkwe."

"Sasa karatasi itakuambia nini zaidi ya hapo?"

Ndeshi alitazama kikombe kitupu mbele ya mzee, akaona aibu ya kumnywesha mtu chai halafu umnyime. Mzee akainama mbele, na sauti yake ikawa ya chini kabisa.

"Siku ile ya shamba, mama, mimi nilikuomba kitambulisho?"

"Hukuniomba, baba."

"Basi."

Ndeshi akalifunga jina lile kwenye kompyuta, akaweka mikono mapajani. "Nisamehe, baba. Hata marehemu mume wangu angeketi hapo, ningemwomba. Nitapanda mwenyewe hadi kwa mwenyekiti nikuletee hiyo barua. Lakini namba siibadilishi leo."

Mlango wa meneja ukafunguka. Daniel alitoka akipiga makofi, meneja nyuma yake, na wenzao wakaanza kuchungulia. Daniel akasema huyu ndiye mfanyakazi, wote wamtazame, kwa maana mzee ndiye aliyetumwa. Daniel alikuwa amemfuata kanisani akamwomba asaidie, na mzee akakubali, akasema siku nyingine wamwombe jambo gumu zaidi, kwa sababu hili ni kama limekwisha.

"Alisema wengine wote mnaweza kumkatalia," Daniel alisema, "lakini si mke wa mwanawe."

Makofi yakaongezeka. Yona akasema, mzee, leo umekosa, na wengine wakacheka. Meneja akamshika Ndeshi bega, akamwambia meza ni yake.

Ndeshi hakumsikiliza. Alikuwa akimtazama mzee, ambaye peke yake hakuwa akicheka.

"Kwa hiyo simu haikutumbukia, baba?"

"Haikutumbukia," Daniel akamjibia, bado akitabasamu.

Ndeshi akachukua chupa ya chai kwa mikono yote miwili. "Baba, karibu kikombe kingine."

Mzee Anaeli alikifunika kikombe kwa kiganja. Akaokota fimbo yake, akavaa kofia akiwa bado ndani, akapita katikati ya watu waliokuwa wakimpisha, akatoka.