Zamu ya Eloi

Jumamosi ya mwisho ya Mei, Ferdina aliinjika sufuria kubwa uani kabla jua halijatoka nyuma ya mlima. Akatia magimbi, ndizi mbichi na mkia wa nguruwe wa chumvi, kwa maana wanaume walikuwa wanakuja kukaza paa. Kwao, kisiwani Dominika, kazi hiyo hailipwi. Leo watu wanapanda kwako, wiki ijayo wewe unapanda kwao, na mwenye nyumba kazi yake ni kuwashibisha. Msimu wa vimbunga huanza Juni, na bati lililolegea halina udugu na mtu.

Mumewe Ipolit alikuwa juu tayari na bisibisi, akikaza skrubu moja moja na kubadilisha vipira vyake vya kuzuia maji vilivyokakamaa kwa jua. Wenzake walikwangua kutu na kupaka lami kwenye maungio. Eloi alifika wa mwisho, kama ilivyokuwa desturi yake, maji yakimchuruzika mwilini. Alikuwa amekufa tangu kile kimbunga kikubwa, lakini zamu ni zamu, na Eloi hajawahi kukwepa kazi ya jirani. Wakamsogezea ngazi.

"Eloi, nenda upande wa jikoni," Ipolit akamwambia. "Mabati ya huko yamechoka, na wewe huna uzito."

"Marehemu hana kitambi!" mmoja akachombeza. Wakacheka, na Eloi akacheka nao.

Ferdina hakucheka. Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilimwanza tangu Aprili, redio iliposema bahari imepata joto mapema. Usingizi ulimpaa. Upepo mdogo tu ukitikisa dirisha, aliinuka kwenda kuukagua mlango.

Mwaka ule wa kimbunga, Eloi alishinda juu ya paa hilihili. Vyuma vinavyofunga kenchi na ukuta alivipigilia yeye kwa mkono wake. Zamu yake ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Jumamosi hiyo ikanyesha mvua, iliyofuata ikawa na harusi, kisha Ipolit akasema mambo yasubiri kidogo, na mwishowe watu wakaanza kusema kwamba mwaka huu vimbunga vimewapita. Septemba kikaja. Paa la Eloi likang'oka lote, naye akavuka uwanja akitambaa, akaja kubisha.

Kila mtu kisiwani anajua kwamba ukifungua mlango kimbunga kikivuma, upepo huingia ndani ukalinyanyua paa kutoka chini. Ipolit alikwishashika kitasa. Ferdina, mjukuu wake mchanga mgongoni, akauegemea mlango kwa nguvu zake zote.

"Hufungui," akasema.

Eloi alibisha, akabisha, kisha akanyamaza. Paa halikutikisika hata kidogo.

Tangu hapo, kila upepo ukivuma Eloi huja kubisha. Ferdina alikuwa ameshazoea kuuegemea mlango. Kilichomtia hofu mwaka huu ni Josette, yule mjukuu, ambaye sasa alikuwa anakifikia kitasa. Msimu uliopita mtoto aliuliza, "Bibi, si ni babu Eloi huyo? Kwa nini hatumfungulii?" Ferdina alimwambia alale.

Chakula kilipoiva wanaume walishuka. Ferdina alimpelekea Eloi bakuli lake kando kidogo, ili maji yake yasilowanishe wengine.

"Jirani," akasema kwa sauti ya chini, "mwaka huu utakuja tena?"

"Nitakuja, shemeji. Kikivuma nifanyeje? Kwangu hakuna paa." Akapuliza mchuzi. "Kwani mwaka huu mtafungua?"

Ferdina alitazama ng'ambo ya uwanja, zilikobaki nguzo za nyumba ya Eloi na mpapai uliojiotea sebuleni.

"Mtoto bado mdogo," akasema.

"Najua. Huwa namsikia." Eloi akamgeukia Ipolit. "Na zamu yangu, swahiba?"

"Jumamosi ijayo," Ipolit akajibu, mdomo umejaa gimbi.

"Jumamosi ijayo, Mungu akipenda," wenzake wakaitikia, kama walivyoitikia mwaka jana na juzi.

Paa lilipokwisha, kazi iliyobaki ilikuwa komeo jipya. Ferdina alimwelekeza mumewe alifunge juu kabisa, karibu na kizingiti cha juu. Ipolit akapanda kigoda na kutoboa. Kisha akataka mtu wa kusimama nje ausukume mlango, ajue kama litahimili. Wengine walikuwa wameshaanza kunywa ramu yao, na Eloi ndiye aliyeinuka.

Wakamfungia nje.

"Haya, sukuma!" Ipolit akaita. "Sukuma kweli, usituonee haya!"

Eloi akasukuma kwa mikono, kisha kwa bega, halafu akabisha. Ferdina alijikuta ameuegemea mlango, ingawa hapakuwa na upepo wowote. Maji yakapenya chini ya mlango yakamlowesha nyayo. Komeo halikusogea.

"Imara," sauti ya Eloi ikasema. "Hapa siingii."

Josette alijinyoosha kwa ncha za vidole, akapapasa ubao, mkono usifike kwenye komeo. Ferdina akapakua bakuli la pili, akachagua vipande vya nyama vilivyonona, akampitishia Eloi dirishani.