Ufagio wa Kikale

Nilipoolewa kijijini Kimuli, mama mkwe wangu Kokubanza alinipokea vizuri. Akanionyesha kisima, akanionyesha migomba, kisha akanikabidhi ufagio.

"Huu wako, mwanangu. Mimi nimelelewa kikale. Wa kikale hafagii."

Kikale ni lile boma la watawala wa zamani, juu ya kilima. Alidai alipokuwa msichana aliishi humo pamoja na mabibi wa mtawala, wale walionyweshwa maziwa wanenepe mpaka kusimama kukawashinda. Nami nikimtazama, mwembamba kama mpini wa jembe! Maziwa hayo yalikwenda wapi? Nilitaka sana kujua, maana nyua mbili, wake na wangu, nilikuwa nafagia mimi.

Basi mwaka ule kahawa ilipopanda bei, tukasikia kikale kimejengwa upya. Nyumba kubwa ya msonge ilikuwa imeliwa na mchwa zamani, sasa imesimamishwa tena palepale. Akina mama wa kanisani, na mama mkwe akiwemo, tukapanda lori la Zubeiri mwenye duka, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Jirani yangu Xaveria akaninong'oneza, "Leo tutajua kama ni maziwa au maji ya ndizi."

Mlangoni tulimkuta mzee Rwezaura, mtunzaji. Tukamwamkia shikamoo, akatuambia tuvue viatu. Ndani kulikuwa na giza zuri lenye harufu ya nyasi mbichi, kwa maana sakafu yote ilitandikwa nyasi kama desturi yetu. Nikainua macho: matete yamefungwa duara juu ya duara mpaka kileleni, sikuona mwisho. Nikashika nguzo. Nikachungulia nyuma ya kiambaza. Xaveria akajilaza kwenye kitanda cha mtawala, akafukuzwa.

Sisi sote tulipita katikati, tukivuruga nyasi kama ng'ombe. Mama mkwe hakupita katikati. Alipoingia tu alishika njia ya ukutani, polepole, macho chini, na kila tulipokanyaga sisi, yeye alirudisha nyasi kwa kidole cha mguu, zikalala upande mmoja. Alizunguka nyumba nzima hivyo, hata hajui kama anafanya.

Rwezaura akapiga makofi. "Haa! Mama, wewe ulikuwa mtandika nyasi! Mabibi walipita katikati. Waliopita ukutani ni wenye ufagio!"

Nikamwona mama mkwe akiutazama mguu wake kama umemsaliti.

"Na maziwa je, mama?" Xaveria akauliza, sauti tamu kama asali.

"Nilikuwa nayabeba," akasema. "Bibi mmoja alikuwa analia, hataki tena. Basi namsaidia kuyamaliza. Kwa hiyo nimenywa. Nilisema uongo wapi?"

Tulicheka mpaka Rwezaura akatutoa nje. Katika lori mimi nilifurahi peke yangu. Ua mmoja wa kufagia umenitoka!

Kesho yake alfajiri nikauegemeza ufagio mlangoni kwake, nikajificha migombani nione.

Akatoka. Akauchukua. Akaugeuza, akaunusa, akaupima mkononi.

"Wewe uliye migombani!" akaita. "Nani aliufunga huu?"

"Mimi, mama."

"Hm. Kikale mtu angefunga hivi angepigwa. Kamba inakaa chini, vijiti laini vinatangulia. Huu ukifagia unakwaruza udongo. Funga tena, mwanangu, ndipo nifagie."

Nikafunga tena. Akasema umelegea. Nikafunga wa tatu, akasema vijiti vya mvua hivi, vinanuka, tungoje kiangazi. Kiangazi kikaja, akasema vimekauka mno, vitavunjika.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na mafagio yangu yakawa mazuri hata watu wa Chonyonyo wakaja kuyaomba. Hakufagia hata siku moja.

Sasa nina mke wa mwanangu, Renatha, msichana mwerevu. Jana aliniletea ufagio mpya. Nikaugeuza, nikaunusa.

Nikamwambia kamba imekaa juu mno.