Daftari Lenye Matope

Nina hasira za karibu, na usafi ndio ugonjwa wangu. Kwa hiyo Septemba 2007, siku mbili kabla ya mkaguzi kufika Ndabibi, niliwapelekea wakulima wetu kumi na wawili madaftari mapya. Baba yangu, Mahesh, alikuwa akinunua mishiri yao, yale maharagwe mabichi yanayoliwa na maganda yake, na kuiuza Nakuru. Mkaguzi akiridhika, wangepata cheti na mishiri ingepanda ndege kwenda Ulaya. Asiporidhika, ingeendelea kulishwa ng'ombe kila soko likijaa.

Madaftari waliyoandikia siku za kunyunyiza dawa, na za kungoja iishe kabla ya kuchuma, yalinitia kinyaa: matope, mafuta ya taa, alama za vidole.

"Nakilini upya, haya ya zamani mchome," nikaamuru.

Wachuka, mama aliyekuwa mwenyekiti wao, alinitazama. "Lakini Avni, hii matope ni ya hiyo siku yenyewe."

"Mathe, inspekta hataki matope."

Akayakusanya yale ya zamani yote kikapuni. Nilidhani anaenda kuwashia jiko.

Siku mbili baadaye, uani kwa Wachuka, mkaguzi alifungua daftari jipya la kwanza. La pili. La tatu. Miezi sita, kalamu moja, mwandiko haujachoka hata siku moja.

"Hizi mmeandika lini?"

Jasho la msimu mzima, na mimi ndiye niliyeliharibu.

"Ni mimi," nikasema. "Niliwaambia wanakili, wachome zile za kwanza."

"Basi hakuna rekodi." Akaanza kufunga mkoba.

Wachuka aliingia jikoni, akatoka na debe la unga. Ndani yalikuwamo madaftari yote ya zamani. "Mimi sichomi kitu watu wameandika na mkono yao," akasema.

Mkaguzi aliketi tena. Daftari la Wachuka alilisoma kwa sauti: "Tarehe kumi na nne Juni. Nimechuma kabla siku za dawa kuisha. Nimekosea. Nimemwaga yote kwa shimo."

Mama wa watoto wanne, kamwaga mavuno ya wiki nzima. Nani angejua? Nilimheshimu mpaka nikaona haya kumtazama.

"Nitawapendekeza mpewe cheti," mkaguzi akasema mwishowe.

Nilipokuwa naingia garini, Wachuka alinifuata na daftari jipya, lile lake, ambamo hakuwa ameandika hata neno.

"Andika tarehe," akasema. "Halafu andika umekosea."

Nikaandika. Akalisoma polepole, akarudi kulitia ndani ya debe pamoja na yale ya zamani.