Kona Isiyotaka Breki

Baiskeli zote zilizorudi zimeumia, zilikuwa zimeumia upande wa kushoto. Mpini wa kushoto umechubuka, kanyagio la kushoto limepinda, na mwendeshaji anachechemea huku akitabasamu ili nisimcheke. Mimi ndiye ninayekodisha baiskeli kwenye kibanda cha langoni hapa hifadhini, na ndiye ninayezitengeneza, kwa hiyo habari za kona ile nilizijua kabla mtu yeyote hajazisema. Nikanyamaza. Aliyeichimba ni kaka yangu, na damu nzito kuliko maji.

Kaka yangu huitwa Sururu, hata mama yetu humwita hivyo. Kazi yake ni kuchimba njia za baiskeli katika mlima huu, ambao kwa kweli haukuumbwa kwa ajili ya baiskeli. Ni miamba mitupu, makorongo, na changarawe inayohama kila mvua ikinyesha. Pimbi huota jua juu ya mawe na kumkodolea macho kila apitaye. Watu wanatoka mbali kuja kuteremka humo kwa magurudumu mawili na kujiita wanapumzika. Sina neno nao, ndio wanaonipa riziki.

Njia ya juu ndiyo kazi yake kubwa. Inaanzia begani mwa mlima na kushuka ikiambaa na genge, na mahali pabaya kuliko pote inapinda kushoto ghafla. Hapo unaliona korongo lote mpaka chini, na kila mwenye akili timamu hufunga breki.

Njia hiyo waliijenga wawili, yeye na mkewe, wifi yangu. Kaka alichimba, wifi akajaribu. Alipanda na baiskeli begani, akashuka nayo, akasimama mbele ya mumewe na kusema neno moja kati ya mawili: "Bado," au, "Imekaa." Akisema bado, kaka aliongeza udongo, akaumwagia maji, akaushindilia, akasubiri ukauke, na wifi akapanda tena. Nilikuwa nikiwapelekea chakula huko, na sikuwahi kuwasikia wakisema jingine. Niliona ni mapenzi. Huenda yalikuwa.

Nyumbani mambo yalikuwa hayo hayo, ila nyumbani hakuna kona. Siku moja tukiosha minyororo kwa mafuta ya taa, wifi aliniambia kwamba tangu waoane mume wake hajawahi kumwuliza kitu kisichohusu njia. Hajaulizwa kama amechoka, wala anapenda nini, wala anawaza nini. Wifi alipofiwa na mama yake, kaka alimsindikiza msibani, akachimba kaburi vizuri kuliko wanaume wote waliokuwepo, akarudi, akalala. Nilimtetea kaka, nikasema ana moyo mzuri.

"Moyo hata mimi ninao, wifi," akaniambia. "Mimi nataka mdomo."

Muda si mrefu akaondoka. Hakugombana na mtu, hakuvunja hata sahani. Alipata kazi mjini kwenye duka la baiskeli, akafungasha vitu vyake, akaniaga mimi, akamuaga na mumewe, ambaye alimbebea begi mpaka kituoni bila kusema lolote. Wifi yangu ana tabia moja niliyoiona mlimani na kuielewa baadaye: akiogopa, anaachia breki. Wengine wote tukiogopa tunazibana.

Njia ya juu ilifunguliwa yeye akiwa ameshaondoka, na wageni wakaanza kudondoka.

Nilikwenda kuitazama mwenyewe. Nje ya kona kaka alikuwa ameinua ukingo wa udongo uliosimama karibu wima, laini, umeshindiliwa mpaka unang'aa. Anayekuja kwa kasi, ukingo unampokea, unamgeuza, unamtoa upande wa pili bila mkwaruzo. Anayefunga breki anaupanda akiwa hana kasi ya kumshikilia, anateleza kushoto mpaka kwenye mawe. Na wote walifunga breki. Daktari wa meno mmoja alivunjika mtulinga, akakaa kibandani kwangu akisubiri gari, uso umempauka, akiniuliza kama na mimi nimewahi kupita pale. Nikamwambia mimi nina akili.

Baada ya huyo, mkuu wa hifadhi alimwita kaka ofisini. Ni mama mpole, ila akishavua miwani hakuna masihara tena. Alivua miwani. Alisema kona ile irekebishwe kabla ya msimu wa wageni, au njia yote ya juu ifungwe na kupandwa miti. Kaka akajibu kwamba kona haina kosa, wenye kosa ni wanaofunga breki. Akatoka. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini huyu hakusikia la mkuu na waliovunjika walikuwa watoto wa wenzake.

Nilimsema mimi nikachoka. Nilimwambia ataipoteza njia yote kwa ajili ya kona moja, jasho la miaka litaota miti. Alinikata jicho, akaendelea kunoa sururu yake. Alikuwa akipanda kule kila jioni kuumwagilia ukingo ule maji usipasuke, na ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa akiilinda njia. Alichobakiwa nacho cha mkewe kilikuwa kile kirundo cha udongo, na angeuacha mlima mzima ufungwe kabla ya kukigusa. Hasira zikanitoka, nikamhurumia. Nikampigia wifi simu, nikamweleza yote.

Alikuja kwa basi la asubuhi. Mawifi tunasifika kwa kusutana, lakini huyu nilimkumbatia mpaka kofia ikamwanguka. Akachagua baiskeli, akaminya matairi kwa kidole gumba, akaanza kupanda. Mimi nikamburuta kaka mpaka kwenye kona bila kumwambia kuna nini.

Tulimsikia kabla ya kumwona, changarawe tu ikiruka, breki hazikulia kabisa. Akatokea kwenye mwamba akiwa amelala upande, korongo lote liko wazi mbele yake, na ukingo ukampokea. Magurudumu yalipita palepale pa kupita, hayakukosea hata upana wa kidole. Niliona aibu, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha watu bila kubisha hodi. Kaka alikuwa ameshika kiuno, anatabasamu kama siku ya harusi yake.

Wifi akasimama mbele yake, akavua kofia.

"Imekaa," akasema. Kisha akasema, "Ibomoe."

Kaka akamwuliza kwa nini.

"Kwa sababu hii si kona ya watu. Umenichimba mimi, na mimi sipo. Kila anayepita hapa anaumia kwa sababu yeye si mimi. Unataka waumie wangapi?"

Kaka akaukodolea macho ukingo wake. Wifi alingoja. Alingoja sana, tena kwa uso wa mtu anayeomba ajibiwe, halafu akavaa kofia yake akateremka kuwahi basi. Niliumia kuliko wao wawili, au niseme mimi ndiye niliyeonyesha.

Kesho yake kaka alipanda na sururu. Sikumfuata. Aliporudi jioni alikuwa vumbi tupu kuanzia kope hadi viatu, na macho mekundu, na vumbi la kule kweli linawasha.

Akaisogeza kona nyuma, mbali na genge, akaacha nje yake uwanja wa mchanga na vichaka kwa ajili ya watakaozidiwa. Akainua ukingo mpya, mfupi, uliolala. Sasa alihitaji mtu wa kujaribu, mtu ambaye si fundi, mzito kidogo, mwoga. Alinitazama. Nilimwambia asinitazame.

Nikajaribu. Nilifunga breki kuanzia juu mpaka harufu ya mpira ulioungua ikanitangulia. Nilipofika, nikiwa nimeshushwa na mlima kuliko kushuka mwenyewe, alisimama mbele yangu akauliza kama bado au imekaa.

"Mimi si mkeo," nikamwambia. "Mimi niulize kama watu wanavyoulizwa."

Alikuna kichwa. Nilikaa juu ya jiwe na kumsubiri, maana sikuwa na haraka ya kupanda baiskeli tena. Mwisho akauliza, kwa sauti ya mtu anayepima kina cha mto kwa mguu, "Unaogopea wapi?"

Basi nikamwaga yote ya moyoni. Nilimwambia ninapoogopea, na mikono inapokufa ganzi, na kwamba nikiliona korongo nawaza watoto wangu watalelewa na nani, na kwamba goti hili ni la tangu uzazi wa mwisho. Alisikiliza yote. Akauliza kuhusu goti. Nilimjua kaka huyo maisha yangu yote, na hakuwahi kujua kama nina magoti. Ndivyo tulivyokwenda, mimi nashuka, yeye anauliza, anachimba, anauliza tena, na kila mara maswali yanazidi kuwa marefu. Akaanza kuniuliza hata tukiwa njiani kurudi nyumbani, mpaka nikamwomba anipumzishe.

Mkuu wa hifadhi aliipita kona mpya mwenyewe na miwani yake usoni. Msimu ukafunguliwa. Baiskeli zikawa zinarudi na matope tu.

Siku moja yenye wageni wengi, wifi alikuja na wateja wa dukani kwao. Alisema mjini watu wanaisifu njia ya juu, na yeye amekuja kuona. Akapanda na wenzake. Wenzake wakarudi wazima. Yeye akarudi mwisho, anaikokota baiskeli, majani kichwani, kiwiko kinavuja damu. Nikaiangalia ile baiskeli kwa mazoea. Ilikuwa imeumia upande wa kulia.

Kaka alitoka nyuma ya kibanda na koleo mkononi. Aliiona baiskeli, akamwona na mwenyewe, akaelewa.

"Hukufunga breki," akasema.

"Sikufunga."

"Siku hizi inabidi ufunge."

Wifi akatikisa kichwa, akacheka kidogo, halafu akageuka asionekane uso. Kaka akaiegemeza koleo ukutani. Alileta beseni la maji na kitambaa, akapiga goti, akaanza kumsafisha kiwiko polepole, akamwuliza kinauma wapi. Wifi akamwonyesha. Mimi nilijifanya hamnazo, nikainamia mnyororo uliokuwa hauna shida yoyote.

"Na huko kwingine," kaka akasema, bila kuinua macho, "tangu siku zile. Unaendeleaje?"

Wifi akaketi kwenye benchi langu, akaanza na habari za marehemu mama yake.